Sindano si Hati ya Urijali

Liko neno katika kisiwa chetu cha Pemba ambalo mwanamume akitupiwa hadharani, hata kama ni uongo mtupu, huona bora ahame mtaa kuliko kukaa akalijibu. Neno hilo ni hanithi. Asili yake ni Kiarabu, nasi tumelipokea tukalishindilia mambo yasiyokuwa na undugu: mume ambaye mwili wake haumtii usiku, kijana asiyeota ndevu, mtu ambaye sauti na mwendo wake haviwapendezi majirani. Wote hao gunia moja. Wa kwanza huenda ni mgonjwa, wa pili huenda ni mgonjwa au ndivyo alivyoumbwa, wa tatu hana alilokosa. Lakini neno halichagui. Nami nasema kwamba hakuna mfanyabiashara aliyepata kuwa na tangazo la biashara lililo bora kuliko neno hili. Halimgharimu hata shilingi. Sisi wenyewe tunamtangazia bure, barazani, kwenye karata, kwenye harusi.

Zamani neno hili liliuza mizizi. Kisha likauza supu ya pweza, alkasusu na vumbi la Kongo. Siku hizi linauza sindano. Wapo vijana wa miaka 20 na kidogo, wenye vifua kama milango ya msikiti, wanaoulizana kwa siri kama waanze kuchoma "homoni". Homoni yenyewe ni testosteroni, nayo huja katika kichupa kidogo cha mafuta ya kudungwa kwenye nyama. Ni dawa ya kweli. Hilo nalitanguliza mapema ili nisije nikafahamika vibaya, maana mimi ninayeandika haya ni mtumiaji wake, na huu ni mwaka wangu wa saba. Sina ugomvi na dawa. Ugomvi wangu ni na watu wa namna mbili: wale wanaomuuzia asiyeihitaji, na wale wanaomwonea haya anayeihitaji mpaka akaikosa. Kwa mtazamo wangu hao wawili ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu wote wanaamini kwamba ndani ya kile kichupa mna uanaume. Hamna. Mna dawa.

Nieleze kwa ufupi namna nilivyofika huko, kwani msomaji ana haki ya kujua anasema na nani. Nilipokuwa na miaka 17 niliugua matubwitubwi, au perema kama tuitavyo wengine. Mashavu yalivimba, tukacheka. Siku ya sita zikavimba korodani zote mbili, na kicheko kikakoma. Jambo hili watu wengi hawalijui: perema ikimpata mtoto mdogo hupita kama mvua ya vuli, lakini ikimpata mvulana aliyekwisha kubaleghe, kwa kila wagonjwa 100 kati ya 15 na 30 hushuka ikawashika korodani. Wengi wao hushikwa upande mmoja tu, wakapona bila ya madhara makubwa. Mimi sikuwa katika wengi. Chanjo ipo duniani tangu miaka ya 1960, lakini katika chanjo za watoto wetu wa Tanzania ile ya surua na rubela iliyoanza mwaka 2014 haina sehemu ya perema. Wizara wana hesabu zao za fedha na maradhi, na sisemi kwamba hawana akili. Nasema tu kwamba kila baba mwenye mtoto wa kiume aliyevimba mashavu akiwa na miaka 15 amtazame na kule kwengine, amuulize bila ya haya.

Nikakua. Ndevu zikawa haba, nguvu zikawa haba. Katika msimu wa karafuu wenzangu wanapanda mpaka kileleni, mimi nakaa chini nachambua na wanawake na watoto, natafuta kisingizio cha mgongo. Nikaoa nikiwa na miaka 26, na hamu ya jambo lenyewe nikawa nayo kama mtu aliyeshiba anayekaribishwa chakula. Niliishi hivyo muda mrefu nikidhani ndivyo wanaume walivyo, na kwamba mengine ni maneno ya barazani.

Sasa turudi kwa wauzaji.

Mwaka 1889 mjini Paris, profesa mmoja maarufu, Charles-Édouard Brown-Séquard, alisimama mbele ya wanazuoni wenzake akiwa na umri wa miaka 72. Nampenda mzee huyu kwa sababu ni mtoto wa bahari yetu: alizaliwa Port Louis, kisiwani Morisi. Aliwaeleza kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka katika korodani za mbwa na za wanyama wadogo wa maabara, na kwamba nguvu zake za ujana zimemrudia, anapanda ngazi mbio na anafanya kazi mpaka usiku. Haikuchukua muda dawa za namna hiyo zikazagaa Ulaya na Marekani. Leo tunajua kwamba ndani ya maji yale hamkuwa na testosteroni ya kumfaa hata kuku, kwa vile homoni hiyo haikubali kuyeyuka kwenye maji, na korodani zenyewe haziiweki akiba bali huitoa kadiri inavyotengenezwa. Kilichomrudishia mzee ujana ni imani yake. Homoni ya kweli ilitolewa kwa usafi mwaka 1935 huko Amsterdam, kutoka katika korodani za mafahali, na mwaka huohuo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa njia yake, wakaweza kuitengeneza maabara. Hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1939.

Kwa hiyo profesa wa Paris hakuwa na tofauti kubwa na yule bwana anayeuza unga wake kwenye karatasi stendi ya gari. Tofauti ni kwamba profesa alijidunga mwenyewe kwanza. Naongeza jingine: wakaguzi wa dawa wa Marekani wamekuta mara nyingi kwamba unga na vidonge vinavyouzwa kama "mitishamba ya nguvu za kiume" vimetiwa kwa siri dawa za hospitali za kusimamisha. Mnunuzi anadhani mzizi umefanya kazi, kumbe ni kidonge kilichosagwa, na kama ana maradhi ya moyo na anatumia dawa za jamii ya naitreti, pressure inaweza kushuka akafa.

Lakini unga ni hadithi ya jana. Muuzaji wa sindano ni hatari zaidi, kwa sababu anachokiuza kinafanya kazi. Miaka hiyo kabla sijapimwa, niliingia katika duka moja la dawa, silitaji wala mji wake siutaji, kununua dawa ya kichwa. Muuzaji akanitazama kidevu, akanitazama pete ya ndoa, akaniuliza kama nina mtoto. Nikasema bado. Akainama juu ya meza akaninong'oneza: "Choma kumi tu, kaka. Mkeo mwenyewe atanyamaza, na mwakani unatia jina."

Msomaji, hapo penye "unatia jina" ndipo nitakapokaa kwa muda, kwa kuwa huo ndio uongo mkubwa kuliko wote, na ndio unaowaangamiza vijana wetu.

Mtu wa Pemba akitaka kuwa rijali anataka nini? Anataka mtoto. Mengine ni mapambo. Mwaka wa kwanza wa ndoa ukipita, mama mkwe anauliza kwa macho. Wa pili ukipita anauliza kwa mdomo. Basi kijana huyu mwenye hamu ya mtoto anaambiwa achome homoni ya kiume, naye anaona ni sawa: mtoto ni kazi ya mwanamume, na hii ni homoni ya mwanamume. Kumbe sindano ile inazuia mbegu. Inazuia kwa uhakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliijaribu kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 wenye afya njema kutoka nchi saba walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki. Katika miezi sita, 157 kati yao walikuwa hawana mbegu hata moja katika manii. Wakaambiwa wategemee sindano peke yake bila ya kinga nyingine, na kwa muda wote huo wa majaribio ilipatikana mimba moja tu. Hayo ndiyo anayouziwa kijana anayetafuta mtoto! Ni sawa na mtu aliyekuja kununua mbegu za mpunga akafungiwa chumvi, akaambiwa nenda kamwage shamba.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Chini ya ubongo iko tezi ndogo kama punje ya kunde, iitwayo pituitari. Hiyo ndiyo inayopeleka amri kwa korodani zitengeneze homoni na mbegu. Ikiona homoni imejaa katika damu, inanyamaza. Haijui kwamba homoni imetoka dukani. Fikiri kijiji kilichokuwa kikichota maji kisimani, kisha mtu akaleta bomba. Watu wakaacha kisima, majani yakaota, kuta zikamomonyoka, kikafukia. Bomba linaleta maji ya kunywa, ni kweli, lakini kisima kile ndimo walimokuwamo samaki. Mbegu zinatengenezwa ndani ya korodani kwa homoni iliyo nyingi mle ndani, mara nyingi zaidi ya ile iliyomo katika damu, na hakuna sindano ya mkononi wala ya paja inayoweza kuufikisha wingi ule mle. Ndiyo maana korodani za anayechoma husinyaa.

Akiacha, je? Kwa wengi mbegu hurudi baada ya miezi kadhaa, na kwa wengine huchukua mwaka au zaidi. Lakini katika miezi hiyo ya kungojea, bomba limefungwa na kisima bado hakijazibuliwa. Kijana aliyekuwa mzima wa afya atajikuta hana hamu, hana nguvu, analala mchana, ana huzuni asiyoijua imetoka wapi. Atarudi dukani. Muuzaji amemtengenezea maradhi aliyomdanganya kwamba anayo, na sasa anamuuzia dawa yake kwa haki. Mimi sijaona biashara ya ujanja kama hii, na katika maisha yangu nimewahi kuwaona walanguzi wa karafuu.

Baada ya hapo nawageukia wa upande wa pili, wenye haya. Ami yangu, mtu mwema na aliyesoma, nilipomweleza kwamba nataka kuvuka kwenda Unguja kupimwa, alinyamaza kitambo kisha akasema: "Mwanangu, mambo ya ndani hayatolewi nje. Subiri, omba Mungu." Nikamjibu kwa adabu, "Ami, kuomba naomba. Lakini ulipopata kisukari hukusubiri." Akacheka kidogo, hakunizuia tena. Wapo wasiocheka. Wapo wanaosema kwamba kujidunga homoni ni kubadilisha maumbile. Nawauliza: na insulini je? Nayo ni homoni, mwili umeshindwa kuitengeneza, mtu anaipata kwa sindano. Mbona mwenye insulini haitwi jina? Tofauti ni kwamba kongosho haikutiwa katika nyimbo za harusi.

Wanaopenda kuitanguliza dini katika jambo hili nawaomba waitangulize kweli. Katika fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya walio wengi katika visiwa hivi, mke akimshitaki mumewe kwamba hawezi kumkaribia, na ikathibiti, kadhi hamtangazi wala hamvunjii nikahi siku ileile. Humpa muhula wa mwaka mzima. Mafakihi wameeleza hekima yake: misimu yote ipite, ya joto na ya baridi, ya ukavu na ya mvua, maana huenda udhaifu ni maradhi ya hewa na utaondoka. Basi wale walioishi zaidi ya miaka elfu nyuma, bila ya maabara, walimpa mwanamume mwaka. Sisi tunampa fungate. Siku saba! Na siku ya tatu somo na makungwi wameshaanza kuangaliana. Kijana aliyelala siku mbili kwa shughuli za harusi, amekula pilau kwa kulazimishwa, ana deni la mahari, hajawahi kukaa peke yake na mwanamke, anatakiwa afaulu mtihani huku nyumba nzima imetega sikio. Akishindwa, testosteroni ina kosa gani? Homoni yake huenda inafurika. Kilichomshinda ni nyinyi.

Hilo nalo lieleweke. Kijana kushindwa usiku, mara nyingi si upungufu wa testosteroni. Ni wasiwasi, ni uchovu, ni sigara, ni kisukari kisichojulikana, ni dawa za pressure. Kwa waliotumbukia katika unga, ni unga wenyewe, kwani heroini na jamaa zake hushusha homoni hii. Upungufu wa kweli una dalili zake nyingine: hamu yenyewe kupotea na si kushindwa tu, ndevu na malaika kupungua, nguvu kuisha, damu kushuka, mifupa kuwa myepesi kabla ya uzee. Na hata dalili zikiwapo, haitoshi mpaka damu ipimwe.

Kupima nako kuna adabu zake, na hapa ndipo nitakapomkamata kila muuzaji kwa swali moja tu: "Umempima saa ngapi?" Testosteroni ya kijana hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda. Aliyepimwa alasiri amepimwa uchovu wa mchana. Chakula nacho huishusha, kwa hiyo mtu aende kabla ya kunywa chai. Waliozoea kufunga hawatapata taabu. Homa huishusha pia, basi aliye na malaria au mafua makali asubiri apone. Na kipimo kimoja hakitoshi, lazima kirudiwe siku nyingine. Mambo haya si maoni yangu. Yamo katika mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na Endocrine Society, jumuiya ya mabingwa wa homoni ya huko Marekani, na mwongozo huohuo unakataza kumwanzishia testosteroni mwanamume anayetaka kupata mtoto karibuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya wanaume wa Marekani na Ulaya, uliweka kiwango cha vijana wa miaka 19 mpaka 39 wenye afya na wasio wanene kuwa kati ya nanomoli 9.2 na 31.8 kwa lita. Tazama upana huo! Mwenye 11 ni mzima, na mwenye 30 ni mzima, na huyu wa pili si mwanamume mara tatu zaidi ya wa kwanza. (Sisi watu wa Pemba hatukuwamo katika hesabu hiyo. Ingefaa siku moja tuhesabiwe.)

Mimi nilipata 5.9, na wiki tatu baadaye 6.3. Daktari akapima na amri zinazotoka pituitari, akazikuta ziko juu sana. Maana yake ni kwamba msimamizi alikuwa akipiga kelele na wafanyakazi hawapo: kosa lilikuwa katika korodani, kazi ya ile perema. Lau amri ndizo zingekuwa hazipo, njia ingekuwa nyingine, kwa vile zipo dawa zinazoamsha korodani zikatengeneza homoni na mbegu pamoja. Mtu asiyepimwa amri hizi hawezi kujua yuko njia ipi, na muuzaji wa dukani hajui hata kama njia ziko mbili. Manii nayo yakapimwa. Mbegu zilikuwamo, chache sana.

Basi hapo ndipo penye uamuzi, na nataka kijana anayenisoma aone kwamba ulikuwa mgumu kwangu niliyekuwa mgonjwa wa kweli, seuze kwa asiyeumwa. Nikianza sindano, mwili utapata nafuu, mifupa itasalimika, hamu itarudi. Lakini zile mbegu chache zitazimika, nami sina akiba ya mbili. Nisipoanza, nitabaki na tumaini jembamba la mtoto na mwili unaosinzia. Daktari alinieleza yote mawili akanyamaza. Namshukuru kwa kunyamaza kule. Hakuniambia niwe mwanamume.

Nilimweleza mke wangu usiku, taa imezimwa, maana ana kwa ana nisingeweza. Nilitarajia kilio. Akaniuliza maswali matatu ya maana: sindano ni kila baada ya muda gani, je itanidhuru, na je tumaini la mtoto ni kubwa kiasi gani. Nikamjibu yote, na la mwisho nikamjibu kwamba ni dogo. Akasema: "Bwana, mie sikuolewa na mtoto, nimeolewa na weye. Lakini tujaribu kwanza, tusije tukajilaumu." Tukapeana mwaka mmoja na nusu, kwa ruhusa ya daktari. Mama alikuwa akimpeleka mke wangu kwa waganga katika muda huohuo, akinywa makombe na kuogeshwa majani kwa maradhi yaliyokuwa mwilini mwangu, mpaka nikamwambia mama yangu waziwazi kwamba mgonjwa ni mimi. Ni wanawake wangapi kisiwani humu wamenyweshwa dawa za waume zao? Wangapi wameongezewa ukewenza juu ya kichwa, na mke wa pili naye asizae, na bado ikasemwa ni hasadi ya mke mkubwa?

Muhula ulipita, mtoto hakupatikana. Nikaanza sindano. Sasa nachomwa kila baada ya wiki tatu, na kila baada ya miezi damu yangu hupimwa, kwa kuwa dawa hii huzidisha chembe nyekundu, na zikizidi mno damu inakuwa nzito. Mwaka 2023 ulitolewa utafiti mkubwa wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye upungufu, wa umri wa miaka 45 mpaka 80, ukaonyesha kwamba waliopewa testosteroni hawakupata mishituko ya moyo na viharusi zaidi ya wenzao waliopewa dawa bandia, ingawa moyo kwenda mrama na damu kuganda mapafuni kulikuwa kwingi kidogo kwao. Lakini hao ni wazee, na walipimwa, na walifuatiliwa. Kijana wa miaka 22 anayechoma mara tatu ya kipimo kwa ajili ya kifua hayumo katika utafiti ule, na asije akaufanya ngao.

Nimepata nini? Nimepata nguvu za kupanda mkarafuu. Hamu imerudi, alhamdulillahi, na hilo nalitaja kwa sababu tukilificha ndipo uongo unapopata pa kukaa. Sikuwa shujaa zaidi, wala mkarimu zaidi, wala msema kweli zaidi. Kama hayo ndiyo uanaume, basi nilikuwa nayo kwa kiasi changu nikiwa na 5.9.

Watu wataniambia: Pemba si pahala pa kuzungumza mambo haya. Nawajibu kwa busha. Karne nzima wazee wetu wa pwani wameishi na busha, wakavaa kanzu pana, wakaacha kuoga pwani na wenzao, na tukisema ni madafu yaliyozidi, au ni kurogwa. Kumbe ni minyoo myembamba iletwayo na mbu. Tangu mwaka 2001 Unguja na Pemba nzima, mji kwa mji, watu waligawiwa ivermektini na albendazoli kila mwaka, isipokuwa watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa mahututi. Masheha wakatangaza, walimu wa skuli wakatangaza, redio ikatangaza. Neno lililokuwa likisemwa kwa kicheko likasemwa kwenye kipaza sauti, na dunia haikuanguka. Wenye mabusha wakajitokeza kupasuliwa. Jambo lile lilikuwa na aibu kuliko hili, kwani lilionekana kwa macho! Na maabara tunazo mfano: pale Wawi, jirani na Chake Chake, tangu mwaka 2000 iko Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, ambayo imetufundisha kuhesabu minyoo ya watoto wetu bila ya kuona haya. Kwa nini basi mimi nilipande boti Mkoani mara tatu, nilale Unguja kwa jamaa, nidanganye kwamba nimekwenda kutazama pikipiki, kwa chupa mbili za damu?

Nataka kipimo hiki kipatikane huku kwa bei ya mtu wa shamba. Nataka sindano isitoke dukani bila ya karatasi ya daktari yenye vipimo viwili vya asubuhi. Na makungwi, kwa heshima zote, watoke mlangoni.

Mwezi uliopita kijana mmoja, mpandaji mikarafuu hodari, alinisubiri nje ya msikiti baada ya sala ya Isha. Amesikia kwamba mimi "nachoma". Akaniamkia, akauliza kama na yeye aanze, na kama nitamwonyesha pa kununua. Nikamuuliza hamu anayo? Akasema anayo mpaka inamuumiza. Alfajiri mwili unaamkaje? Akaona haya, akasema unaamka vizuri. Ndevu nilikuwa naziona mwenyewe. Nikamuuliza basi lililomsibu. Akasema ameoa, na usiku wa kwanza umemshinda, na wa pili, na jana. Nikamshika bega nikamrudisha kwa mkewe. Fungate ilikuwa bado ina siku nne.